Donge la chapati na mwanga wa chipu

Mwanafunzi wangu alinibana kwenye kibanda cha chapati Ng'hong'onha, jirani na chuo hapa Dodoma: "Dokta, leza ya mashine ya kuchora chipu inatoa kilowati 20 na ushee, tunavuna wati 250 za mwanga. Nyingine zinaliwa na nani?" Mama alikuwa anasukuma madonge. Nikamwambia kijana atazame pale.

Mwanga wenyewe ni wa urujuanimno kali, wimbi la nanomita 13.5, ndio unaochora chipu za kisasa. Huzaliwa matone ya bati lililoyeyushwa yanapopigwa leza hadi yakawa plazma, yaani gesi ya moto mkali yenye chaji za umeme: tone la mikromita 30 hivi, matone 50,000 kwa sekunde. Nasema bati lenyewe, kama lile linalochimbwa Kyerwa; mabati ya paa zetu ni chuma kilichopakwa zinki.

Ukilipiga tone likiwa bado duara, leza inaunguza ngozi ya mbele tu, na sehemu kubwa ya miale inapita pembeni bila kugusa kitu. Ni donge nene kikaangoni: nje limeungua, ndani unga mbichi. Ndiyo maana zamani ufanisi, yaani sehemu ya nishati ya leza inayogeuka mwanga huo pale kwenye plazma, kabla haujakusanywa, ulisota kwenye asilimia 1 hivi. Siku hizi pigo dogo hutangulia kulibonda tone, likatandazika mara kumi au zaidi ya upana wake, ndipo pigo kubwa linafuata. Ufanisi ukapanda hadi asilimia 5 au 6.

Pigo kubwa ni la leza ya hewa ukaa, wimbi la mikromita 10.6, nayo inakula umeme vibaya sana. Za mikromita 1 zina nafuu kwenye umeme, ila zinazama kwenye plazma nzito mno, na mwanga unaozaliwa humo unamezwa na plazma hiyohiyo kabla haujatoka. Mimi dau langu naliweka katikati, leza za thuliamu za mikromita 2.

Na wati 250 zenyewe, zinazobaki baada ya mwanga kukusanywa, bado zina safari hadi kwenye chipu. Vioo vya molibdeni na silikoni, hata vikiwa safi, kila kimoja hurudisha asilimia 70 tu, na viko kama kumi. Kijana akatoa simu, akazidisha 0.7 kumi zenyewe kwa zenyewe.

"0.028. Yaani zinafika wati 7?"

"Hizo ni kama vioo havijashika masizi ya bati."

Akasahau chapati yake, ikapoa.