"Mimi kodi nimeshakatwa": kauli inayowaumiza makandarasi

Kuanzia Machi, makadirio ya kodi yanapopelekwa, hadi Juni, ritani (taarifa za kodi) za mwaka zinapofungwa, nasikia maneno yaleyale kutoka kwa makandarasi wa Tanzania, wa majengo na wa barabara, wa daraja la saba, la chini kabisa, na wa daraja la kwanza: "Mhasibu, mimi kodi nimeshakatwa kwenye malipo. TRA wanataka nini tena?" (TRA ni Mamlaka ya Mapato Tanzania.) Wengi wao si wakwepaji. Wamekatwa kweli, wameiona tarakimu kwenye hati ya malipo, ila hakuna aliyewahi kukaa nao akawaeleza makato yale ni ya nini. Ndiyo maana kauli hii inaniuma kuliko zote.

Ukweli ni kwamba kwa anayefanya biashara ya ujenzi, awe kampuni au mtu binafsi, kodi ya zuio, yaani ile anayokukata anayekulipa, si kodi ya mwisho. Ni malipo ya awali yanayosubiri hesabu za mwaka.

Tuichukue hati ya malipo ya shilingi milioni 100 kabla ya VAT (kodi ya ongezeko la thamani). Sheria ya Kodi ya Mapato inaigawa kazi ya ujenzi kwa uwiano wa 3 kwa 2, yaani vifaa tatu, huduma mbili. Huduma hapo ni milioni 40, na zuio la asilimia 5 linakatwa kwenye hizo tu. Umekatwa milioni 2. Mwaka ukiisha, ukishatoa saruji, nondo, kokoto, dizeli na mishahara, tuseme faida imebaki milioni 15. Kodi ya kampuni ni asilimia 30, kwa hiyo unadaiwa milioni 4.5. Toa zile 2 ulizokatwa, unabaki na deni la milioni 2.5. Hicho ndicho TRA wanachotaka tena.

Sasa geuza. Kazi ilikuwa ngumu, mvua imekula siku zako, faida ni milioni 4 tu. Kodi yake ni milioni 1.2, nawe ulikatwa 2. Shilingi laki nane ni zako! Lakini anayeamini kwamba amemaliza hapeleki hesabu, na asiyepeleka hesabu hajui kama kuna hela yake iliyokaa huko.

Kuna sharti moja ambalo makandarasi hulipuuza mpaka limewakaba: ili makato hayo yahesabike kwako, lazima uwe na cheti cha kodi ya zuio. Hati ya malipo yenye mstari wa makato haitoshi. Mshitiri, yaani mwenye mradi anayekulipa, anatakiwa kuwasilisha TRA alichokata ndani ya siku saba baada ya mwezi kwisha, kisha akupe cheti. Wapo wanaokata wasiwasilishe. Wapo wanaowasilisha lakini cheti hakitoki mpaka ukifuate. Mtu ananijia Juni na hati nne za malipo na cheti kimoja, na yule mhasibu aliyekata kwenye zile tatu amehamishiwa mkoa mwingine. Tunaanza kuandika barua wakati tarehe ya mwisho imebaki wiki mbili. Ushauri wangu, ambao wateja wangu wameuchoka na bado nitausema: kila unapopeleka madai ya hati mpya, ambatisha barua ya kuomba cheti cha hati iliyotangulia. Kila mara, bila kuona haya. Pale ambapo mshitiri bado anakuhitaji ndipo atakapokusikiliza.

Kagua pia alichokata. Nimeona walipaji wanaopiga asilimia 5 kwenye jumla yote pamoja na VAT. Kwenye mfano wetu jumla hiyo ni milioni 118, na makato yanakuwa milioni 5.9 badala ya 2. Karibu milioni 4 za mtaji wa kazi zimetoka mfukoni mwako huku wauza nondo wanakupigia simu. Mwandikie kabla hajalipa, umwoneshe uwiano wa 3 kwa 2.

Na ukimjengea mtu nyumba yake ya kuishi, yeye halazimiki kukukata zuio. Hapo hujakatwa chochote, na kodi yote ya faida hiyo inakusubiri wewe.

Kauli hiyo ina wenzake. "Fundi wangu hana TIN (namba ya mlipakodi), kwa hiyo simkati." Jukumu la kukata ni la anayelipa. Ukimpa mkandarasi mdogo kazi ya milioni 30, huduma ni milioni 12, zuio lake ni shilingi 600,000. Usipokata, utadaiwa wewe, na fundi keshatumia hela yake. Lakini hiyo laki sita ndiyo sehemu ndogo ya hasara. Asiye na TIN hana risiti ya EFD (mashine ya kielektroniki ya risiti), na mkaguzi akikosa risiti anayakataa matumizi yote. Milioni 30 zinarudi kwenye faida yako, na kodi yake ni milioni 9. TIN inatolewa bure. Kabla hujampa mtu kazi ya lipu au ya paa, mwambie akaichukue, na kama hajui pa kuanzia, mpeleke.

"Sijalipwa, kwa hiyo sina mapato." Kwa kampuni, hapana. Kampuni huhesabu mapato pale haki ya kulipwa inapopatikana, iwe hela imeingia benki au bado. Na mkataba wa ujenzi unaozidi miezi 12 huhesabiwa kwa kiwango cha kazi kilichofikiwa. Mkataba wa milioni 500 uliokadiriwa kugharimu milioni 400, ukiwa umeshatumia 100 mwaka unapofungwa, umefika robo. Mapato yako ni milioni 125, faida 25. Advansi uliyopokea mwanzoni haibadilishi hesabu hiyo, kwa hiyo asiyeiona advansi kama faida yuko sahihi, na aliyenunulia gari amejitengenezea tatizo.

"Ile VAT ni sehemu ya bei yangu." Si yako hata siku moja. Ni ya serikali, umeishika tu, na inatakiwa kufika kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata kupita. Mbaya zaidi, ukishatoa ankara ya kodi VAT inadaiwa hata kama mshitiri atakulipa baada ya miezi mitano. Usikimbilie kutoa risiti ya EFD kabla konsalta, yaani mshauri anayesimamia kazi, hajasaini hati ya malipo.

"Mwaka huu sikupata kazi, hakuna cha kupeleka." Ritani inapelekwa hata ikiwa na sifuri. Usipoipeleka adhabu inajilimbikiza kila mwezi, na zabuni ikija utakosa hati ya uthibitisho wa ulipaji kodi.

"Vibarua hawana kodi." Kwenye PAYE, kodi inayokatwa kwenye mshahara, kibarua ambaye mapato yake ya mwezi hayazidi shilingi 270,000 kodi yake ni sifuri kweli. Hapo ndipo watu wanaposimama, wakati mambo mengine yanaendelea. Tozo ya ujuzi, SDL, inamhusu mwajiri mwenye wafanyakazi kumi au zaidi, na ujira wa vibarua unaingia kwenye jumla inayotozwa. Michango ya WCF (mfuko wa fidia kwa wafanyakazi) nayo ipo, na ya NSSF (hifadhi ya jamii) vilevile. Ukilipa kila Jumamosi kwa fedha taslimu bila orodha, mkaguzi hana njia ya kujua walikuwa wangapi wala kwamba walilipwa, kwa hiyo gharama inakataliwa. Mpe msimamizi wa saiti daftari lenye jina kamili, namba ya kitambulisho, siku alizofanya, kiasi na saini ya kila kibarua, lisainiwe palepale wakati wa kulipana, kisha litunzwe miaka mitano pamoja na hati nyingine za mradi.