"Alizaliwa mzima, kwa hiyo si ya kurithi": dhana potofu kuhusu jeni ya selimundu

Katika kliniki ya selimundu, ugonjwa wa kurithi wa seli nyekundu za damu, ipo sentensi moja ninayoisikia mara nyingi mno, hata naweza kuimalizia kabla ya msemaji: "Daktari, huyu mtoto alizaliwa mzima kabisa." Mara nyingi msemaji ni bibi au shangazi aliyemsindikiza mama, na maelezo yanayofuata hayatofautiani sana. Mtoto alilia vizuri, alinyonya vizuri, akafikisha miezi saba au minane bila tatizo, kisha vidole vya mikono na miguu vikavimba, macho yakawa ya manjano, damu ikapungua. Hapo familia huanza kutafuta kilichoingia katikati. Wengine huitaja chanjo, wengine malaria iliyochelewa kutibiwa, wengine jicho baya la jirani, na wote hufikia hitimisho lile lile kwamba ugonjwa ungekuwa wa kurithi, mtoto angezaliwa nao.

Mtoto alizaliwa nao. Jeni mbili za selimundu, moja kutoka kwa baba na moja kutoka kwa mama, zilikuwamo ndani yake tangu siku mimba ilipotungwa, na hakuna chanjo wala homa iliyoziongeza. Kilichokuwa bado ni jeni hizo kutumika kwa kiwango cha kuleta madhara. Kuwa na jeni ni jambo moja, jeni hiyo kufanya kazi ni jambo jingine, na asiyezitenganisha hizi mbili hawezi kuuelewa ugonjwa huu hata akielezwa mwaka mzima.

Himoglobini ni protini inayobeba oksijeni ndani ya seli nyekundu. Ya mtu mzima imeundwa kwa minyororo minne ya protini, miwili ya alfa na miwili ya beta. Jeni za alfa ziko kwenye kromosomu ya 16, mojawapo ya nyuzi za DNA zinazobeba jeni. Jeni ya beta iko kwenye kromosomu ya 11, nayo haikai peke yake, kwa sababu imepangwa pamoja na ndugu zake, epsiloni kwanza, kisha gama mbili, kisha delta, na beta mwishoni. Mpangilio huo unalingana na umri wa mtu. Epsiloni hutumika katika wiki za mwanzo za mimba, gama hutumika kwa muda mwingi uliobaki tumboni, na beta hushika usukani baada ya kuzaliwa, huku delta ikichangia kidogo tu. Himoglobini ya mtoto aliye tumboni, inayoandikwa F, ina alfa na gama, na huishika oksijeni kwa nguvu kuliko ya mama yake, ndiyo maana huweza kuivuta kutoka upande wa mama kupitia kondo la nyuma.

Kasoro ya selimundu iko kwenye jeni ya beta peke yake, tena ni herufi moja tu ya DNA iliyobadilika, A ikawa T, katika jeni yenye herufi kama 1,600. Kwa sababu ya herufi hiyo, katika mnyororo wa beta asidi amino moja, ya glutamiki, hupokewa nafasi yake na nyingine, valini, jambo ambalo Vernon Ingram alilionyesha huko Cambridge katika miaka ya 1956 na 1957. Sasa jiulize: ikiwa himoglobini F haina mnyororo hata mmoja wa beta, kasoro ya beta itajionyesha wapi? Mtoto aliyetimiza miezi tisa tumboni huzaliwa akiwa na himoglobini F ya asilimia kama 60 hadi 80, na akiba hiyo humlinda. Baada ya kuzaliwa gama huzimwa hatua kwa hatua na beta hupanda, F hushuka, himoglobini S, yaani ile yenye beta ya selimundu, huongezeka, seli nyekundu huanza kujikunja kama mundu, na kuanzia miezi kama sita wazazi huona vile vidole vilivyovimba. Hakuna kilichoingia katikati. Jeni moja imepokea zamu kutoka kwa nyingine, kama inavyotokea kwa kila mtoto duniani, ila huyu alirithi beta yenye kasoro.

Wapo wanaonijibu kwamba hiyo ni nadharia ya vitabuni, nami huwatajia dawa. Swichi inayozima gama inajulikana. Ni protini iitwayo BCL11A, ambayo jeni yake iko kwenye kromosomu ya 2, kwa hiyo jeni ya kromosomu moja inaamua lini jeni ya kromosomu nyingine inyamaze. Tiba ya Casgevy, iliyoidhinishwa Uingereza Novemba 2023 na Marekani mwezi uliofuata, huchukua seli mama za damu za mgonjwa mwenyewe, huvuruga kipande cha DNA kinachoiwasha BCL11A ndani ya seli hizo, kisha huzirudisha mwilini. Jeni ya selimundu yenyewe haiguswi hata kidogo, inabaki na herufi yake mbovu, lakini gama ikirudi kazini mgonjwa hupata nafuu kubwa. Kwa bei yake tiba hiyo iko mbali na wagonjwa wetu. Haidroksiyurea, ambayo ni kidonge cha kawaida, nayo sehemu kubwa ya faida yake inatokana na kuipandisha himoglobini F, na ninasikitika kila ninapomkuta mtoto anayestahili kuitumia akiwa ameachishwa kwa sababu jirani alisema ni dawa ya saratani.

Hata kati ya watu wenye kasoro ile ile, utumikaji wa jeni hutofautiana. Mashariki ya Saudi Arabia wagonjwa wengi hubaki na himoglobini F nyingi na huugua kwa upole zaidi, ilhali aina iliyoenea Afrika Mashariki, ambayo wataalamu huiita ya Kibantu, huambatana na F kidogo. Huko Oman, nchi yenye udugu wa karne nyingi na pwani yetu, aina zote mbili hukutwa. Herufi iliyobadilika ni moja, lakini mazingira ya DNA yanayoizunguka si mamoja.

Dhana hii ya "alizaliwa mzima" inaniudhi kuliko nyingine zote kwa sababu huja na karatasi. Mama hutoa kwenye mkoba mfuko wa plastiki, ndani yake mna kijikaratasi kilichokunjwa mara nne, kimeandikwa kwa kalamu ya wino wa bluu kwamba kipimo cha kujikunja kwa seli ni hasi, na tarehe inaonyesha mtoto alikuwa na miezi mitatu. Kipimo hicho huchanganya tone la damu na kemikali inayoondoa oksijeni, kisha mtaalamu huangalia kwa hadubini kama seli zinajikunja. Mtoto wa miezi mitatu bado ana F ya kutosha kuzizuia, kwa hiyo jibu la hasi katika umri huo halithibitishi chochote. Hata kwa mtu mzima kipimo hicho hakitofautishi AS, yaani mwenye jeni moja ya kawaida (A) na moja ya selimundu (S), na SS, yaani mgonjwa mwenye jeni mbili za selimundu. Aliyekiandika na kumwacha mzazi aondoke bila maelezo alimfanyia mtoto yule ubaya, kwa maana familia imeishi miezi kadhaa ikiamini mambo yamekwisha.

Ushauri wangu ni huu, nami huurudia hadi wauguzi hunicheka. Ombeni kipimo kinachotenganisha aina za himoglobini, kama elektroforesisi, na ombeni majibu yaliyochapishwa. Kwa mtoto mchanga mwenye ugonjwa majibu huandikwa FS, herufi F ikitangulia kwa sababu ndiyo nyingi zaidi. Kwa mwenye jeni moja tu huandikwa FAS. Kwa asiye nayo, FA. FS hurudiwa baadaye ili kuthibitisha ni aina gani ya selimundu. Kipimo kisifanywe mtoto akiwa ametoka kuongezewa damu. Subirini miezi mitatu hivi, la sivyo mtapima damu ya mchangiaji. Anayegundulika mapema huanzishiwa penisilini ya kila siku akiwa na miezi miwili hadi atimize miaka mitano, kwa kuwa bandama yake huharibika mapema na bakteria wa nimonia humwingia kwa urahisi. Miezi ile ya "uzima" ndiyo miezi ya kumwandaa.

Nyingine nitazijibu kwa ufupi.

"Jeni iko kwenye damu, akiongezewa damu safi itaondoka." Jeni ya beta iko katika kila seli yenye kiini, ya ngozi, ya ini, ya ubongo, lakini hutumika katika seli za uboho zinazoelekea kuwa seli nyekundu, na kwingine kote hunyamaza. Seli nyekundu iliyokomaa imeshatupa kiini chake, haina jeni hata moja. Seli za kuongezewa huishi siku zisizozidi 120, kisha uboho ule ule huendelea kutoa himoglobini ile ile.

"AS ikizembewa hugeuka SS." Haigeuki, hata mtu aishi miaka 90. Waliosoma kidogo huongeza kwamba jeni fiche "imelala" kwa mwenye AS, nayo si kweli, kwani nakala zote mbili zinatumika na S huwa kama asilimia 40 ya himoglobini yake. Ugonjwa ndio unaoitwa fiche, kwa sababu nakala moja haitoshi kuuleta.

"Imetoka upande wa mama." Wanaume wenye kauli hii nawaomba watangulie wao maabara. Mwenye SS amepokea S kutoka pande zote mbili, na wazazi wenye AS si adimu. Utafiti wa Uganda uliochapishwa mwaka 2016 ulikuta AS kwa asilimia 13.3 ya watoto wadogo waliopimwa.

"Wa kwanza ameshachukua ile robo, watatu wanaofuata watakuwa wazima." Wazazi wote wawili wakiwa AS, uwezekano wa kupata mtoto mwenye SS ni robo kwa kila mimba, na mimba haina kumbukumbu ya iliyoitangulia. Nimewahudumia ndugu watatu wa tumbo moja, wote SS.

"Kila jeni hutengeneza protini." Hii huwa ya wanafunzi wetu. Zinazotengeneza protini kwa binadamu ni kama 20,000, na maelfu mengine hutoa RNA inayofanya kazi kama ilivyo. Katika lile lile kundi la beta mna jeni bandia, ndugu wa beta kwa sura, ambayo haitoi himoglobini yoyote.

"Sisi wenye selimundu hatupati malaria." Hapa chembe ya ukweli imewekwa mahali pasipo pake. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha mwaka 1954, kwa kazi aliyoifanya Afrika Mashariki, kwamba wenye AS wana nafuu dhidi ya malaria. Nafuu hiyo ni hasa dhidi ya malaria kali; mbu humwuma na vimelea humwingia kama mtu mwingine. Kwa mwenye SS mambo ni kinyume, kwani malaria ni miongoni mwa vitu vinavyomshusha damu kwa kasi na kumuua. Mtoto huyo alale ndani ya chandarua chenye dawa kila usiku, atumie dawa ya kinga aliyoandikiwa kliniki, na akipata homa apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo.