Kengele ya sepsisi inapolia wodini

Sepsisi ni hali ambapo mwili, katika kupambana na maambukizi, hudhuru viungo vyake wenyewe. Hospitali zinazotunza kumbukumbu kwa kompyuta zinaweza kuuwekea mfumo tahadhari: joto likizidi 38 au likishuka chini ya 36, mapigo yakipita 90, pumzi zikipita 20 kwa dakika, au chembe nyeupe za damu zikizidi 12,000 ama zikipungua chini ya 4,000. Viwili kati ya hivyo vikitimia, muuguzi anaarifiwa.

Namba inayoiponza kengele hii mara nyingi ni ya upumuaji. Mashine ya presha haihesabu pumzi, na wodi ikijaa kila mgonjwa huandikiwa 20, hata yule anayepumua mara 28. Kwa 20 kompyuta haioni dalili kwenye upumuaji, na inaweza kubaki kimya. Hesabu dakika nzima, ukiwa bado umemshika mkono kana kwamba unapima mapigo, maana mgonjwa akijua anahesabiwa hubadili anavyopumua. Halafu ingiza papo hapo. Vipimo vya saa kumi na mbili asubuhi vikilala kwenye daftari hadi saa nne, tahadhari nayo itakuja saa nne.

Kengele hulia bure pia: mama aliyetoka kujifungua, mtu mwenye maumivu makali, aliyetoka msalani kwa miguu. Ndiyo maana wauguzi huzoea kuifunga bila kuinuka, jambo la hatari. Nenda kitandani, pima upya, gusa mikono kama ni ya baridi, uliza mkojo. Muulize ndugu yake kama ndivyo anavyoongea siku zote. Kuchanganyikiwa kupya kuna uzito kuliko homa. Wazee, na wanaotumia dawa za kupunguza mapigo, wanaweza kuzidiwa kompyuta ikiwa kimya.

Unapompigia daktari wa zamu, taja namba. "Mgonjwa hayuko vizuri" haimsaidii. Damu ya kuotesha vimelea ichukuliwe kabla ya antibayotiki, lakini isicheleweshe dawa: presha ikiwa imeshuka kwa sepsisi, dawa iingie ndani ya saa 1. Presha ikiwa haijashuka hivyo na sababu ikiwa haijaeleweka, kuna nafasi ya uchunguzi wa haraka usiozidi saa 3.

Hapa Moshi kuna mtego wa ziada, malaria. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 kuhusu wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa ulionyesha asilimia 60.7 walihesabiwa na madaktari kuwa na malaria, ilhali waliokuwa nayo kweli ni asilimia 1.6. Kwa hiyo neno "malaria" kwenye faili si sababu ya kufunga tahadhari.

Dripu nazo zisikimbizwe kwa mazoea, hasa kwa watoto. Utafiti wa mwaka 2011 uliofanyika Kenya, Uganda na Tanzania ulikuta watoto wenye homa kali na mzunguko hafifu wa damu waliomwagiwa maji ya haraka walikufa zaidi kuliko wasiomwagiwa. Kiasi na kasi aandike daktari, na muuguzi asikilize kama mapafu yanaingia maji.