Wako kwao, hawako ughaibuni

Hii ni mara ya tatu mwezi huu namsikia mtu akiiita televisheni ya Wasami, jamii asilia ya kaskazini mwa Norwei, Uswidi na Ufini, "chombo cha ughaibuni". Basi tuliweke sawa.

Televisheni hiyo ina jina lake la kazi, na maana yenyewe ni fupi. Uandishi wa habari wa jamii asilia zilizogawanywa na mipaka ni kazi ya habari inayofanywa na wanajamii wenyewe, kwa watu wao waliojikuta katika nchi mbili au zaidi. Mgeni akija na kamera, akarekodi wafugaji na kulungu wao wa Aktiki kisha akaondoka, ametengeneza habari kuhusu jamii. Hiyo ni kazi nyingine.

Sasa, ughaibuni. Ndani yake mna ghaibu, yaani kutokuwepo: aliye ughaibuni hayupo kwao. Msami wa Karasjok, Norwei, na mwenzake wa Inari, Ufini, nani kati yao amehama? Kilichokuja ni mstari. Mkataba wa 1751 kati ya Denmark-Norwei na Uswidi ulipitisha mpaka katikati ya malisho, ukawaachia Wasami haki ya kuvuka na mifugo yao. Mwaka 1852 mpaka wa Norwei na Ufini ukafungwa kwa mifugo hiyo. Ndiyo maana Ođđasat, taarifa ya habari ambayo jina lake kwa Kisami ni "habari" tu, ilianza kuwa ya pamoja mwaka 2001, kwanza Norwei na Uswidi, kisha Ufini. Mwandishi wa Kiruna, Uswidi, akiripoti mgogoro wa malisho, mtazamaji wa Karasjok aiite habari za nje? Kwake hiyo ni ya jirani.

Neno "wachache", ambalo jamii kama hizi huitwa pia, nalo lina yake. Wakurdi ni makumi ya mamilioni. Uchache wao huonekana ukiwahesabu Uturuki peke yake, kisha Iraki, kisha Irani, kisha Syria.

Nakiri hao Wakurdi ndio wanaowachanganya watu. Gazeti lao la kwanza, Kurdistan, lilitoka Cairo mwaka 1898, na televisheni yao, MED TV, ilianza kurusha matangazo kwa setilaiti kutoka London mwaka 1995. Wahariri walikuwa ughaibuni kweli, na baadhi ya watazamaji pia. Lakini madishi mengine yalielekezwa angani juu ya mapaa ya Diyarbakır, mji wa Wakurdi nchini Uturuki, kwao kabisa. Ukitaka kusema ughaibuni, basi, sema studio ilikuwa huko. Wenye madishi usiwahamishe.