Ndimu na magoti: asidi ipi inayoleta jongo?

Mtu mzima akianza kulalamikia magoti, ushauri wa kwanza huwa huu: acha ndimu, acha ukwaju, acha embe bichi, vitu vichachu vinakausha ute wa magoti. Akienda kupimwa akaambiwa ana jongo, wengine wanaita gauti, kwamba asidi imezidi kwenye damu, basi ndimu imeshahukumiwa. Asidi si ndiyo uchachu?

Jina ni moja, vitu ni viwili. Asidi ya ndimu inaitwa sitriki. Ukiimeza inaingia tumboni, mahali penye asidi yake kali tayari. Ikishanyonywa, mwili unaiunguza kama unavyounguza chakula kingine, nayo inaishia kuwa hewa ya kaboni na maji; chumvi zake zilizomo kwenye ndimu huacha bikaboneti, ambayo kazi yake ni kupunguza asidi, si kuiongeza. Damu haitikisiki: kipimo chake cha uchachu, yaani pH, hukaa kati ya 7.35 na 7.45, na mapafu na figo hukilinda usiku na mchana. Kinachobadilika ni mkojo. Kama glasi ya maji ya ukwaju ingetosha kuichachusha damu, huku pwani Ramadhani isingefika kumi la pili tukiwa tunatembea.

Asidi ya jongo ni yuriki, na haitoki kwenye uchachu. Mwili huitengeneza unapovunjavunja purini, kemikali iliyomo ndani ya seli. Takriban theluthi mbili hutokana na seli zetu wenyewe, iliyobaki ndiyo ya chakula. Figo zisipoitoa ya kutosha, ikapita kama miligramu 6.8 kwa desilita ya damu, inaweza kuanza kuganda kuwa fuwele zilizochongoka kama sindano ndani ya kiungo. Kinga ya mwili inazivamia, na mtu anaamka usiku kidole gumba cha mguu kimevimba, hata shuka likikigusa ni kelele.

Sasa tazama vinavyoipandisha: maini, figo, nyama nyekundu, dagaa, bia. Soda nayo imo, lakini kwa sababu ya sukari yake. Onja maini uniambie uchachu uko wapi. Nimeshaona mtu akiisukuma kando ndimu iliyoletwa na sahani ya maini, kisha akayamaliza maini yote na kushushia bia mbili. Alichokiacha ndicho kilichokuwa hakina kosa. Vitamini C, kwa kadiri ilivyopimwa, hupunguza yuriki kidogo.

Aina nyingine za ugonjwa wa viungo hazina hata hiyo yuriki. Magoti ya uzeeni huuma kwa sababu gegedu, ule utando laini unaofunika ncha za mifupa kwenye kiungo, limelika, na uzito wa mwili unalikandamiza zaidi. Baridi yabisi ni kinga ya mwili kushambulia viungo vyake yenyewe. (Na bamia, inayosifiwa kwamba inarudisha ute wa magoti, maskini: utelezi wake humeng'enywa tumboni kama mboga nyingine, hauna njia ya kufika gotini.)

Mbona basi wapo wanaoapa kwamba ndimu inawaumiza? Mara nyingi ni tumbo. Mgonjwa wa viungo humeza diklofenaki au ibuprofeni miezi na miezi, na dawa hizo huchubua ukuta wa tumbo, hata kuleta vidonda. Kitu kichachu kikipita hapo lazima kiwashe. Mtu wa namna hiyo azungumze na daktari kuhusu vidonge kabla ya kuilaumu ndimu. Balungi ni habari nyingine: hugongana na baadhi ya dawa, kwa hiyo muulize mfamasia.

Na ukiwa na hakika kwamba nyanya, tuseme, inakuamshia maumivu, iache wiki tatu, vingine vyote vibaki vilevile, halafu uirudishe. Maumivu yakiondoka na kurudi nayo, iache. Yasipobadilika, rudisha kachumbari mezani, na ndimu yake.