Zile dola 7,500 hazipandi meli

Juzi alasiri alinijia mzee mmoja anayeuza samaki soko la Darajani, hapa Zanzibar, simu mkononi. "Mwanangu, hebu nitizamie hii." Ni video ya kijana wa Marekani anayeeleza kwamba ukinunua gari la umeme, serikali inakupa dola 7,500. Mzee keshapiga hesabu: gari alilolipenda ni dola 6,000, kwa hiyo atabakiwa na 1,500 za nauli ya meli. Alitaka nimjazie fomu ya hizo fedha, kwa kuwa mimi ndiye ninayewatolea watu magari bandarini Malindi. Gari lenyewe liko Japani. Huyu ni mtu wa nne tangu Ramadhani. Nimechoka kulieleza jambo hili mmoja mmoja, basi naliandika.

Ami, fomu hiyo haipo. Zile dola zilikuwa nafuu ya kodi ya mapato kwa mtu anayewasilisha ritani, yaani hesabu zake za kodi za mwaka, Marekani, tena kwa gari jipya litakalotumika hukohuko. Gari lililotumika lilikuwa na nafuu yake: asilimia 30 ya bei, mwisho dola 4,000. Na zote mbili zimekwisha. Sheria iliyosainiwa tarehe 4 Julai 2025 ilizikata kwa gari lolote lililonunuliwa baada ya 30 Septemba mwaka huohuo. Ile ya kufunga chaja nyumbani, asilimia 30 ya gharama isiyozidi dola 1,000, nayo ikawekewa kikomo cha 30 Juni 2026.

Kinachonikera zaidi ni kwamba kila kitu tunakiita "msamaha wa kodi". Msamaha unakaa kwenye mzigo. Gari likifika bandarini, mstari ule wa ushuru kwenye karatasi ya forodha unasomeka sifuri, mnunuzi awe tajiri au masikini. Rwanda walifanya hivyo kwa magari ya umeme mwaka 2021. Norwei waliyafutia VAT yao ya asilimia 25 tangu 2001, na kuanzia 2023 hadi 2025 wakaiacha ifutike kwa kroni 500,000 za mwanzo tu za bei. Ruzuku ni kitu kingine: fedha zinatoka hazina na kuingia kwenye bei. Ujerumani walikuwa nayo, wakaifunga ghafla Desemba 2023, na mauzo ya magari ya umeme yakaporomoka mwaka uliofuata.

Nafuu ya Kimarekani haikukaa kwenye gari wala kwenye bei. Ilikaa kwenye kodi ya mtu. Kama kodi yako ya mwaka ni dola 3,000, nafuu ya 7,500 ilikufutia hizo 3,000 tu. Zile 4,500 zilipotea, hukulipwa wala hukuzibeba hadi mwaka wa pili. Mwaka 2024 wakalegeza: mnunuzi akaweza kumwachia muuzaji nafuu yake na bei ikashuka papo hapo, hata kama kodi yake haifiki kiasi hicho. Lakini hata hapo muuzaji alituma kwa mamlaka ya kodi ya huko namba ya mlipakodi wa huko pamoja na namba ya chasi. Mtu wa Darajani hana mahali pa kuingilia katika karatasi ile.

Kwetu penye uzito ni bandarini. Kiwango cha kawaida cha ushuru wa forodha kwa gari dogo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki ni asilimia 25, na hupigwa juu ya bei ya gari pamoja na bima na nauli. Tuseme jumla hiyo ni shilingi milioni 10: ushuru ni milioni 2.5. Kisha, tukiweka kando tozo nyingine, VAT inapigwa juu ya milioni 12.5, si juu ya 10. Kwa hiyo ushuru ukifutwa, unaokoa zile milioni 2.5 pamoja na VAT yake. Ndiyo maana nakasirika mtu akiniuliza "kuna msamaha?" halafu akanyamaza. Niulize mstari gani, gari la aina gani, na linaingia tarehe gani, maana viwango vinapangwa upya kila Julai.

Lakini lipo jambo linaloniyumbisha. Gari jipya likipunguzwa bei kwa fedha za umma, bei ya lililotumika nayo hushuka. Japani anayepokea ruzuku hutakiwa akae na gari miaka kadhaa, akiliuza mapema arejeshe sehemu. Likitoka mikononi mwake likaja kwetu, nahisi sehemu ya ile ruzuku imo ndani ya bei anayolipa mzee wangu. Kisheria amekosea kabisa. Sokoni, siwezi kuapa kwamba amekosea.

Ila bei ile inabeba na kitu kingine: betri iliyochoka. Mwaka jana nilimtolea kijana mmoja Nissan Leaf la 2012, betri ya kilowati-saa 24. Pembeni ya kipimo cha chaji pana vijiti 12 vinavyoonyesha afya ya betri. Lake lilikuwa na vinane, yaani theluthi mbili ya uwezo. Gari lilipokuwa jipya lilikwenda kama kilomita 117. Sasa hesabu chini ya 80. Kutoka Mjini hadi Nungwi ni karibu 60. Utafika, lakini kurudi utaomba kwa watu umeme wao wa Tukuza, ule wa kulipia kabla. Na betri ya Leaf haina maji ya kuipoza, inategemea hewa tu, na joto letu mnalijua.

Gari alilolipenda mzee nalo ni Leaf, nikamwomba amwandikie muuzaji atume picha ya dashibodi, gari likiwa limewashwa, vijiti vionekane. Imefika jana usiku. Vijiti tisa. Nimemwambia, ami, endelea kutafuta.