Sakafu Kwanza, Kioo Baadaye

Anayefungua studio ya dansi mtaani, iwe Dar es Salaam au Tanga, mara nyingi hukodi ukumbi, akabandika kioo, akanunua spika. Sakafu huipokea kama ilivyo: zege, juu yake tailizi. Mwezi wa pili tangu afungue, wanafunzi wanapungua, mwalimu anadhani wamekosa hamu. Wanaumwa miundi.

Zege halinepi. Ukiruka, kishindo chote cha kutua kinarudi kwenye muundi, goti na kiuno. Ngoma za asili kama sindimba na bugobogobo zilichezwa kwenye udongo, na udongo una huruma yake. Zulia la sponji nalo si dawa: mguu unazama, ukigeuka kifundo kinabaki nyuma.

Tandika nailoni nzito kuzuia unyevu. Juu yake laza mbao za inchi 2 kwa 2, zikiachana sentimita 40, kila moja ikikalia vipande vya mpira mgumu. Piga plaiwudi ya milimita 12, kisha tabaka la pili la unene huohuo, maungio yake yasiangukie juu ya maungio ya chini. Acha sentimita 1 kando ya kuta zote. Pwani mbao huvimba, na sakafu iliyobanwa ukutani hutuna katikati kama chapati motoni. Ukumbi wa mita 8 kwa 6 unakula shiti 18 za futi 8 kwa 4 kwa kila tabaka, pamoja na za kukatia, jumla 36.

Funga kwa skrubu, vichwa vizame ndani. Usitumie gundi wala misumari. Misumari hupanda juu kwa mtikisiko na kuchana nyayo. Gundi nayo inamwachia mwenye nyumba mali yako. Kodi hulipwa miezi sita au mwaka, na mkataba ukiisha utataka kufungua sakafu na kuondoka nayo. Nta usipake kabisa.

Kioo kinatosha ukuta mmoja, na kiwe na pazia. Kwa ngoma za duara kioo kinaharibu: wachezaji wanajitazama badala ya kumsikiliza mpigaji. Feni zikae ukutani, maana za darini zitamkuta mtoto aliyebebwa begani.

Idadi ya watu inaamuliwa na eneo. Mtu mzima anahitaji mita za mraba 4, hivyo ukumbi ule ni watu 12. Tuseme kodi, umeme na mwalimu ni shilingi 1,100,000 kwa mwezi, ada 40,000. Madarasa mawili yaliyojaa yanaleta 960,000: hasara. Matatu yanaleta 1,440,000. Kishawishi ni kuwabana watu 20 darasa moja; matokeo yake ni viwiko usoni na hatua zinazofanywa nusu.

Kosa linaloua studio polepole ni kupokea wageni kila siku. Mwalimu anarudia hatua ya kwanza wiki baada ya wiki, wakongwe wanachoka, wanaaga kimyakimya. Panga awamu za wiki 8, mlango ufungwe baada ya wiki ya 2. Atakayekuja baadaye aandikwe jina asubiri awamu ijayo. Darasa la nne lifunguliwe pale tu majina ya wanaosubiri yanapofika 8 hivi.

Kuhesabu nako kuna mtego. Moja hadi nane inafaa hip hop, lakini ngoma zetu nyingi mapigo yake hugawanyika tatu-tatu. Ukilazimisha nane, mwanafunzi anazijua hatua na kuukosa mdundo. Imba ngoma kwa mdomo, wapige makofi mpaka watulie ndani yake, ndipo miguu. Kiuno mwisho.

Na majirani. Besi hupita kwenye zege kuliko sauti nyembamba, kwa hiyo spika ikalie mpira, isiguse sakafu wala ukuta. Ngoma za kupigwa kwa mkono zikome kabla ya saa 2 usiku, na zinyamaze wakati wa adhana.